Kuunganisha majeshi yaliyopigana: kazi inayoanza kalamu zikishawekwa chini

Nairobi imeshuhudia wapiganaji wengi wakitia sahihi. Tarehe 17 Desemba 1985 serikali ya Tito Okello na waasi wa NRA wa Yoweri Museveni zilikubaliana hapa kuunda jeshi moja la Uganda. Tarehe 26 Januari 1986 NRA ilikuwa imeshaiteka Kampala. Tarehe 9 Januari 2005, katika Uwanja wa Nyayo, serikali ya Sudan iliyoko Khartoum na waasi wa kusini wa SPLM zikatia sahihi mkataba uliokuwa na vikosi vya pamoja vya askari 39,000 ndani yake. Vikosi hivyo viliundwa kweli, vikapewa kambi na bendera, na bado vikapigana vyenyewe kwa vyenyewe.

Mwongozo huu ni wa maafisa wa sekretarieti, wakufunzi na washauri ambao leo wako ofisini Karen au Upper Hill na wiki ijayo watapanda ndege Wilson kwenda kuifanya kazi hiyo. Kenya yenyewe haijawahi kuifanya. Wapiganaji wa Mau Mau waliotoka msituni baada ya Uhuru hawakuingizwa kama kundi katika jeshi lililorithiwa kutoka KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza. Ujuzi ulioko mjini hapa basi ni wa kupatanisha na kufunza; mifano ya kuunganisha lazima iazimwe kwa majirani, na mingi ni mifano ya kuharibika.

Marekani walisubiri. Joseph Wheeler, jenerali wa wapanda farasi wa upande wa Kusini katika vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe, alivaa tena sare ya Marekani mwaka 1898 akaongoza divisheni Cuba, miaka 33 baada ya vita vyao kwisha. Huku kwetu mkataba hukupa miezi minane.

Kabla ya sahihi: dai tarakimu

Kiambatisho cha ulinzi kisicho na tarakimu ni barua ya mapenzi. Kabla wajumbe hawajaondoka hotelini, hakikisha karatasi inasema jeshi jipya litakuwa na watu wangapi, kila upande utaleta wangapi, mgawanyo huo unashuka hadi ngazi gani, nani analipa kuanzia mwezi gani, lugha ya amri ni ipi, na ni siku gani hasa kila upande unaacha kuwa na askari wake binafsi. Hilo la mwisho ndilo hukwepwa zaidi. Msumbiji, Mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992 ulitaja jeshi la 30,000: 24,000 wa nchi kavu, 4,000 wa anga, 2,000 wa majini, nusu kwa nusu. Tarakimu zilikuwa safi. Lakini wapiganaji walikuwa wamechoka, na waliojitolea kuendelea na uaskari hawakufika hata nusu ya idadi hiyo. RENAMO, waliokuwa waasi, nao wakabaki na walinzi wao wenye silaha miaka na miaka. Mapigano yakarudi 2013, na kambi yao ya mwisho ikafungwa Juni 2023.

Ukubwa wa jeshi upigie hesabu ya mshahara kwanza, siyo ya hofu. Chukua mfano wa kubuni: askari 30,000, kila mmoja akigharimu shilingi 20,000 kwa mwezi, mshahara, posho na chakula pamoja. Hizo ni milioni 600 kwa mwezi, bilioni 7.2 kwa mwaka, na bado hujanunua buti wala dizeli. Mpelekee waziri wa fedha hesabu hiyo kabla ya sahihi. Akiguna, punguza idadi hapo hapo mezani, kwa sababu kuipunguza baadaye maana yake ni kuwafukuza watu ambao wameshashika bunduki ya serikali.

Pakiwa na mizani miwili, ichore kwenye jedwali moja. Burundi walikuwa nayo. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 uliweka kwamba kabila lolote lisizidi asilimia 50 ya jeshi. Itifaki za Pretoria za 2003 zikaweka kwamba nafasi za maafisa zigawanywe asilimia 60 kwa jeshi la zamani na 40 kwa waasi wa CNDD-FDD. Mizani ya kabila na ya chama haigusi watu wale wale kwa namna ile ile. Njia pekee ya kuisoma ni orodha ya nafasi, moja moja, yenye safu ya upande na safu ya kabila, ikijazwa kutoka juu kwenda chini. Ni kazi ya kuchosha, lakini ililipa: lilipofanyika jaribio la mapinduzi Mei 2015, aliyeliongoza, Jenerali Godefroid Niyombare, alitoka CNDD-FDD yenyewe. Jeshi lilipasuka, lakini ufa haukupita pale pale palipokuwa mstari wa vita vya zamani.

Daftari la majina

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, hivyo weka hapa watu wako bora na usiwaharakishe.

Kila upande utaleta orodha iliyovimba. Sababu si ujanja mtupu: kila jina ni mgao wa chakula, na kila mgao ni uzito mezani. Nepal, baada ya mapatano ya 2006, Wamao waliandikisha zaidi ya watu 30,000. Uhakiki wa Umoja wa Mataifa ukawabakisha 19,602. Hadi kazi inakwisha, walioingia jeshi la taifa walikuwa karibu 1,400. Silaha zilizoandikishwa zilikuwa takriban 3,500. Pima uwiano huo kila mara: bunduki ngapi kwa vichwa vingapi. Bunduki moja kwa watu wawili ni jambo la kawaida msituni, ambako kuna wapishi, wabeba mizigo na wauguzi. Moja kwa watu tisa inakuambia kwamba ama bunduki zimefichwa, ama vijana wameokotwa njiani juzi, ama yote mawili.

Uhakiki wenyewe huenda hivi. Mtu anaingia hemani peke yake, bila mkubwa wake. Anapigwa picha, vidole vyote kumi vinachukuliwa, anatamka jina lake, jina la mama na kijiji. Anaulizwa seksheni yake iliongozwa na nani, nani alilala kulia kwake na nani kushoto, na kikosi kilivuka mto gani mara ya mwisho. Kisha anapewa bunduki isiyo na risasi aifungue na kuiunga. Aliyeishi nayo hafikirii, mikono inajua. Jioni karani analinganisha majibu: kama watu kumi wanadai seksheni moja, majina tisa lazima yajirudie. Meza moja yenye makarani wawili humaliza watu 50 hadi 60 kwa siku. Kambi ya watu 1,500 na meza tano ni siku tano au sita za kazi. Ukiahidi siku mbili, utaishia kugonga mihuri tu.

Kitambulisho kiwe kadi ngumu yenye picha na namba inayosomwa na mashine. Karatasi yenye muhuri wa mpira haifai. Muhuri huo utachongwa mtaani River Road ukisubiri chai.

Makundi mawili hupotea kwenye zoezi hili. Walio chini ya miaka 18 huondolewa siku hiyo hiyo na kukabidhiwa kwa mashirika ya watoto, na hawaandikwi kwenye daftari la jeshi hata kama kamanda anaapa kwamba kijana ni mfupi tu. Wanawake ndio kundi la pili. Sharti la "mtu mmoja, bunduki moja" huwafungia nje, kwa sababu mkutano wa kukabidhi silaha ukikaribia kamanda humpokonya mwanamke bunduki na kumpa mpwa wake. Waandikishe kwa meza yao, na karani wa kike, kabla ya siku ya silaha.

Fungia daftari kwa tarehe na saa. Afrika Kusini ilipounganisha SADF (jeshi la serikali ya ubaguzi), MK na APLA (majeshi ya ukombozi) na majeshi ya maeneo yaliyotengewa Waafrika ya Transkei, Bophuthatswana, Venda na Ciskei kuanzia Aprili 1994, orodha ya majina yaliyothibitishwa ndiyo ilikuwa mlango: usipokuwemo huingii. Mlango ulizua vilio, lakini bila mlango hakuna hesabu.

Kambi ya kukusanyikia

Kambi hii ni ya kupita. Panga siku 60, funga ifikapo 90. Kinachoivunja mara nyingi ni njaa.

Askari anayefanya mazoezi anahitaji nishati ya kalori zipatazo 3,000 kwa siku. Hiyo ni unga gramu 600, maharagwe gramu 150, mafuta gramu 40, sukari gramu 40, chumvi kidogo na mboga ikipatikana. Kwa watu 1,500 ni kilo 900 za unga, yaani magunia kumi ya kilo 90 kila siku, maharagwe magunia mawili na nusu, na mitungi mitatu na kitu ya mafuta ya lita 20. Kwa siku 60 unahitaji magunia 600 ya unga. Theluthi moja iwe ghalani kabla mtu wa kwanza hajafika, kwa kuwa mvua ikikata barabara lori halitasubiriwa na tumbo. Maji ni lita 20 kwa mtu, yaani lita 30,000, au malori matatu ya lita 10,000 kutwa, kama hakuna kisima. Vyoo ni kimoja kwa watu 20, vyote 75, na vichimbwe upande ambao upepo unatoka kambini kwenda.

Usikabidhi chakula kwa makamanda wa kila upande wakagawe. Jiko liwe moja tangu siku ya kwanza, wapishi mchanganyiko, foleni moja. Majiko mawili huzaa uvumi wa sumu ndani ya wiki.

Sudan Kusini ilitia sahihi mkataba uliohuishwa Septemba 2018 ukilenga askari 83,000 wa pamoja. Kambi zilifunguliwa, chakula na dawa vikakosekana, watu wakaanza kutoroka kurudi makwao au kwa wakubwa wao wa zamani. Kundi la kwanza lilihitimu Juba tarehe 30 Agosti 2022, karibu miaka minne baadaye, na wengi walipiga gwaride wakiwa na fimbo badala ya bunduki.

Silaha

Andika namba ya kila bunduki pamoja na jina la aliyeileta. Piga chapa mpya. Kituo cha kanda cha silaha ndogo, RECSA, kilichozaliwa na Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, kina makao yake mjini hapa, nacho kimekuwa kikiyasaidia mataifa wanachama kwa mashine za kazi hiyo. Hifadhi kwenye kontena la chuma lenye makufuli mawili tofauti: ufunguo mmoja kwa upande husika, mwingine kwa mwangalizi. Nepal ufunguo ulibaki kwa Wamao wenyewe, lakini waangalizi wa Umoja wa Mataifa walikesha mlangoni na kamera. Utaratibu huo unampa kamanda heshima yake bila kumpa nafasi ya kufungua usiku.

Bunduki ikitoka tena, itoke kwa askari wa jeshi jipya na isiwe ile aliyokuja nayo. Bunduki ya zamani ina kumbukumbu.

Vyeo

Tarajia meza kuvunjika hapa angalau mara mbili.

Kosa la kawaida ni kuanza na watu: fulani ni jenerali, tumpe nini? Anza na nafasi. Batalioni ya watu 700 ina luteni kanali mmoja, mameja watano hivi, na makapteni na maluteni kama 25. Jeshi la 30,000 lenye batalioni 30 linahitaji maluteni kanali 30 wa kuongoza, na wengine wa ofisi, vyuo na ghala. Jumlisha, chapisha jedwali, libandike ukutani, pande zote zilitie sahihi. Baada ya hapo swali linakuwa nani anafaa nafasi namba 17, na ubishi unapungua kimo.

Mizani ya kumpima mtu iwe na vigezo vinne: miaka ya utumishi, ukubwa wa kikosi alichokiongoza kweli, kozi alizofanya, na elimu. Cha pili ndicho kigumu, na jibu lake unalo tayari kwenye daftari. Anayejiita brigedia wa watu 2,000, hesabu ni wangapi hemani walimtaja kuwa mkubwa wao. Wakiwa 180, huyo aliongoza kombania kubwa. Anaweza kuwa meja mzuri. Usimwambie mbele ya watu.

Elimu isipewe uzito mkubwa. Jeshi la serikali limesoma, la msituni limepigana. Ukiweka cheti cha sekondari juu, umeshaamua nani atakuwa nani. Afrika Kusini walitumia bodi za kupanga vyeo, ambamo maafisa wa BMATT, ujumbe wa Uingereza wa kufunza majeshi, walikaa kama waamuzi, pamoja na kozi za kuziba mapengo. Hata hivyo Oktoba 1994 maelfu ya askari wa MK walitoka kambi ya Wallmannstal wakilalamikia chakula, malipo, ubaguzi na kuchelewa kwa vyeo. Mandela aliwapa siku saba warudi, na waliokaidi wakafutwa.

Toa cheo cha muda kwa miezi 24, kithibitishwe baada ya kozi, na wa pande zote mbili waende kozi hiyo. Weka tarehe moja ya ukuu kwa wote wa cheo kimoja. Jambo hili dogo husahaulika: kama meja wa serikali amehesabiwa umeja wake tangu 1998 na wa msituni tangu jana, basi kila penye mameja wawili mkubwa atakuwa wa serikali, na uwiano wa karatasi umekufa kimya kimya. Miaka ya msituni ihesabiwe kwenye pensheni. Rufaa ziwe na siku 30 na bodi ya watu watatu, mwenyekiti wa nje.

Usiuze vyeo kununua amani. Azimio la Juba la tarehe 8 Januari 2006 liliwaingiza wanamgambo wa SSDF wa Paulino Matip katika SPLA, jeshi la SPLM, naye akawa naibu amiri jeshi mkuu. Lilizuia vita kubwa, na hilo halipingiki. Lakini vikosi viliingia vikiwa vizima, na vyeo vyake, na somo likasambaa: ukitoka na watu 200 na kurudi, unarudi ukiwa jenerali. Jeshi likajaa majenerali kwa mamia, kila mmoja na watu wake, na vita vilipozuka Desemba 2013 kila mmoja akajua aende wapi.

Na wapigwe msasa kabla ya kuvikwa nyota. Bosco Ntaganda alikuwa na hati ya kukamatwa ya ICC tangu 2006, na bado mwaka 2009 aliingizwa jeshi la Kongo kama jenerali. Aprili 2012 aliasi. Mwaka 2019 mahakama ikamhukumu miaka 30. Mtu wa namna hii akiingia, wote walio chini yake hujifunza kwamba usalama wao uko kwake na si kwa serikali, hivyo siku atakapoguswa wataondoka naye.

Kuchanganya

Kongo iliacha maneno mawili yanayofaa kukaririwa. Brassage ilivunja vikosi kabisa: askari walipelekwa kwenye vituo kama Kitona na Kamina, wakafunzwa siku 45 hivi, wakaundwa upya katika brigedi mpya na kutumwa mbali na kwao. Mixage ya 2007, kwa ajili ya watu wa jenerali mwasi Laurent Nkunda, ilichanganya batalioni ndani ya brigedi lakini ikaziacha Kivu Kaskazini. Brassage ilikuwa na njaa na wizi mwingi, lakini ilikata kamba. Mixage ilimpa Nkunda sare, mishahara na risasi mpya, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa vitani tena.

Vikosi vya pamoja vya Sudan havikufika hata mixage. Askari 24,000 walikuwa Kusini, 6,000 Milima ya Nuba, 6,000 Blue Nile na 3,000 Khartoum, nusu kwa nusu kila mahali, lakini nusu hizo zilikaa kambi mbili zilizopakana, kila moja na mkubwa wake, mshahara wake na bunduki zake. Malakal walipigana Novemba 2006 na tena Februari 2009. Sababu moja ni kwamba Khartoum ilijazia nafasi zake wanamgambo wa pale pale, watu wenye visasi vya mtaa. Kwa hiyo andika sharti: asiletwe kwenye kikosi cha pamoja mtu aliyepigana wilaya hiyo hiyo.

Changanya hadi seksheni ya watu kumi, watano kwa watano. Tumia kura: namba 1 hadi 350 kwenye mfuko wa kila upande, kila mmoja achote mbele ya wenzake. Usipange kwa alfabeti, kwani majina yetu hutaja kabila, na watu wa koo moja wataangukia platuni moja. Vitanda vya ghorofa, wa juu upande huu, wa chini upande ule. Mkuu wa seksheni akitoka A, msaidizi wake atoke B. Platuni iongozwe na B. Kombania na A. Na kuendelea hivyo kupishana hadi juu. Kwa mtindo huu amri yoyote lazima ipite mikono ya pande mbili ili ifike chini.

Wote waanze kama makuruta kwa wiki 12 hivi, waliotoka serikalini wakiwemo. Wakipinga kwamba wao tayari ni askari, waambie kwamba jeshi hili ni jipya kwao pia. Ukiwaruhusu wawe wakufunzi wa wenzao, hujaunganisha, umewameza. Wakufunzi watoke nje: Zimbabwe mwaka 1980 na Afrika Kusini 1994 walikuwa BMATT, Msumbiji walifunzwa na Waingereza huko Nyanga, Zimbabwe. Zimbabwe pia inafundisha hatari ya kuwaweka watu na silaha zao karibu na siasa: ZANLA na ZIPRA, majeshi mawili ya ukombozi, walipohamishiwa makazi jirani ya Entumbane, Bulawayo, walipigana Novemba 1980, na tena Februari 1981, safari hii moto ukaruka hadi kwenye baadhi ya batalioni zilizokwisha kuchanganywa.

Vikosi vya pembeni ndivyo mtihani. Zimbabwe hiyo hiyo ilikuwa na Brigedi ya Tano, iliyofunzwa na Wakorea Kaskazini nje ya mpango wa BMATT na kujazwa zaidi ZANLA. Ndiyo iliyopelekwa Matabeleland 1983 ikaua raia. Mlinzi wa rais ni kikosi cha namna hiyo hiyo. Vita vya Juba vya tarehe 15 Desemba 2013 vilianzia ndani ya kambi ya walinzi wa rais. Mkataba wa amani wa 2015 ukataka mji uondolewe majeshi umbali wa kilomita 25, ila upinzani ukaruhusiwa kuingia na sehemu ya askari wake. Tarehe 8 Julai 2016 walinzi wa rais na wa makamu wake wa kwanza walipigana risasi nje ya ikulu wakubwa wakiwa ndani. Mafahali wawili mji mmoja. Walinzi wa viongozi wachanganywe kwanza, kabla ya batalioni yoyote, au walindwe na watu wa nje hadi kikosi kiive.

Mshahara

Tenganisha mkono unaoamuru na mkono unaolipa. Kongo, fedha zilishuka kupitia kwa makamanda, kila mmoja akikata chake, na askari hewa wakilipwa kwa ukamilifu. Ujumbe wa Umoja wa Ulaya, EUSEC, ulioanza 2005, ulihesabu askari kwa alama za vidole, ukatoa kadi, ukaitenga njia ya fedha na njia ya amri. Vichwa vilivyopatikana vilikuwa pungufu mno ya vile vilivyodaiwa.

Simu ingeonekana ndiyo dawa, na mtu wa Nairobi hatahitaji kushawishiwa. Afghanistan walijaribu 2009 kwa M-Paisa, binamu wa M-Pesa, wakiwalipa polisi wachache wa Wardak. Baadhi yao walidhani wameongezewa mshahara. Ilikuwa mara ya kwanza kuupata mzima. Kamanda mmoja naye akajaribu kukusanya laini za watu wake ili akatoe fedha mwenyewe. Kwa hiyo laini isajiliwe kwa vidole vile vile vya daftari, na kila miezi mitatu mkaguzi achague namba 30 bila taarifa, azipigie, kisha aende kuziona sura.

Tarehe ya malipo iwe moja kwa wote. Wa serikali wakilipwa tarehe 28 na wengine tarehe 5, siku hizo za katikati zitajaa maneno.

Lugha na sare

Lugha ya amri ichaguliwe mapema, maneno 60 au 70 ya gwaride, silaha na redio yachapishwe kijitabu, kila mtu ayakariri wiki ya kwanza. Jeshi la Kongo lilirithi Kilingala. Waliotoka mashariki walisema Kiswahili, na kwa wengi wao Kilingala kilikuwa lugha ya aliyewapiga. Sare iwe mpya kwa wote na igawiwe siku moja. Ukimpa aliyetoka msituni sare ya zamani ya serikali, umempa nguo ya kusalimu amri.

Risasi ya kwanza ikilia

Risasi hiyo italia, mara nyingi wiki ya tatu hadi ya sita, na mara nyingi kwa sababu ya deni, mwanamke au pombe. Kinachoigeuza kuwa vita ni nusu saa ya kwanza. Mkuu na msaidizi wake watokee pamoja, wakionekana, wasimame mahali pamoja. Ghala lifungwe kwa makufuli mawili kabla ya jambo lingine lolote. Simu za maafisa ziwekwe mezani, kwa kuwa mkubwa wa zamani atapigiwa ndani ya dakika tano na yeye hayupo kuona. Majeruhi wachukuliwe na gari moja, wa pande zote, kwenda hospitali moja. Mpiga risasi ashikwe na askari wa pande mbili na ashtakiwe chini ya sheria ya jeshi jipya. Asirudishwe kwa watu wake wakamuadhibu wao.

Kabla ya chakula cha jioni hesabu risasi za kila bunduki iliyokuwa nje, andika zilizopungua, soma hesabu hiyo kwa sauti mbele ya kombania nzima. Zamu za usiku zibaki zilivyo. Asubuhi ratiba ifuatwe kama ilivyobandikwa, kuanzia mbio za saa kumi na moja na nusu.